Ndengu za Kadundo na Zamu ya Mama Ouma

Tangu nistaafu, kila ninayekutana naye njiani ananiuliza kama napumzika. Namjibu kwamba mtu wa kilimo hapumziki, anabadilisha shamba tu. Haya nawaandikia nyinyi mliobaki kule ofisini Sondu, hasa mliofika juzijuzi na viatu vyenu vizuri. Sitawaeleza nilipandishwa cheo lini. Waliotaka kujua walishajua, na wasiojua hawakupoteza kitu. Nitawaeleza habari za udongo, mbegu na watu, na zaidi habari za chungu kimoja kilichotutoa jasho.

Mimi pia nilifika na viatu vizuri. Nilikuwa msichana wa Bunyore, nimetoka chuo cha kilimo, na siku ya kwanza nikatumwa Kadundo, kijiji kilicho chini kuelekea ziwani, ambako udongo ni mweusi tititi. Wakati wa jua udongo ule hupasuka mpaka kifaranga anaweza kutumbukia. Wakati wa mvua hushika mguu ukakataa kuuachia. Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha. Kiatu changu cha kushoto kilibaki humo, na nijuavyo mimi kipo mpaka leo. Mkubwa wangu wa kazi, Mzee Okelo, alinitazama nimesimama kwa mguu mmoja kama korongo, asicheke. Alifungua mfuko wa pikipiki akatoa buti kuukuu za mpira.

"Hizi zilikuwa za mwenye alikuwa hapa mbele yako," alisema. "Yeye alienda kuuza simu Nakuru."

Zilinizidi ukubwa. Nilizijaza magazeti nikatembea nazo msimu mzima.

Mzee Okelo ndiye aliyenifundisha kazi, ingawa hakuwahi kuita kule kufundisha. Alikuwa akichukua punje ya ndengu na kuiuma. Ikivunjika kwa sauti, imekauka na inaweza kuwekwa. Ikibonyea, basi mwenyewe airudishe juani. Baadaye tuliletewa vipimo vya unyevu, vizuri sana, vya betri. Betri zikaisha, na meno ya Mzee Okelo yakaendelea na kazi. Tumieni kipimo mkiwa nacho, lakini jifunzeni na kuuma.

Jambo la pili alinifundisha tukiwa tumekaa juu ya magunia, tukingoja mvua ipite. "Ukiingia kwa boma ya mtu," aliniambia, "usiulize kwanza wanapanda nini. Uliza nani hupanda wa kwanza. Hiyo ndiyo kalenda yao. Ile yetu ya ukuta ni ya kuficha ufa."

Nyinyi mliozaliwa huko mnaijua zamu hiyo tangu utotoni, lakini mimi nilikuwa mgeni, na baadhi yenu pia ni wageni, kwa hiyo nitaieleza. Mbegu katika boma la Mluo hutolewa kwa mpangilio. Wanaita golo kodhi, yaani kutoa mbegu. Mke wa kwanza, mikayi, ndiye huanza. Akishatia jembe na mbegu ardhini ndipo mke wa pili hupanda, kisha wake wa watoto wa kiume kwa kufuata ukubwa. Kuruka zamu ni kuiletea nyumba mkosi. Tena mbegu haivuki ua kwenda kwa jirani kabla mwenyewe hajapanda. Makanisa yamehubiri dhidi ya jambo hili tangu enzi za babu zao, lakini asubuhi ya kupanda hata mzee wa kanisa huchungulia kwanza kama mikayi ametoka na jembe.

Sasa ndengu zenyewe. Ndengu za Kadundo ni ndogo, za kijani kilichofifia, hazing'ai hata kidogo, kana kwamba zimegaagaa jivuni. Ukiziweka karibu na zile za dukani utazionea huruma. Lakini huiva kabla kuni hazijashika vizuri, mchuzi wake huwa mzito wenyewe, na mizizi yake inaujua ule udongo mweusi. Sokoni Sondu mnunuzi akikaribia huulizwa, "Unataka ya Kadundo ama ya duka?" Na ajabu ni kwamba kila muuzaji ana za Kadundo. Kama ndengu zote zilizouzwa Sondu kwa jina hilo zingekuwa zimetoka huko kweli, mashamba ya kijiji kile yangefika mpaka mji wa Awasi.

Mwenye mbegu bora kijijini alikuwa Mama Ouma. Alikuwa mjane, mikayi wa boma lake, mrefu, mwenye sauti ya kuita watu waliovuka mto. Siku ya kwanza nilipokwenda shambani kwake na kamba ya kupimia mistari, aliishika ncha moja akaitazama.

"Madam, kamba ni ya nini? Unataka kuanika nguo?"

Nilimweleza habari za nafasi na mistari. Yeye alizoea kumwaga mbegu kwa mkono na kuzifukia, kama mama yake. Hakubishana. Alinipa kona moja ya shamba, ile mbaya kabisa iliyokuwa karibu na njia ya ng'ombe, nipande nipendavyo. Wakati wa palizi alipita katikati ya mistari yangu na jembe lake akamaliza kabla jua halijakuwa kali, kisha akasimama akiangalia sehemu yake iliyojaa magugu. "Hiyo kamba yako," akasema, "iache hapa." Mpaka leo sijarudishiwa.

Katika boma hilohilo aliishi Mama Akinyi, mke mwenza wake. Wawili hao hawakuwa wakizungumza. Sababu niliisikia kwa namna nyingi, mara mbuzi, mara mpaka, mara maneno ya matangani. Nadhani wenyewe walikuwa wameshaisahau wakabaki na hasira tu. Walikuwa wakisalimiana kwa kukohoa. Ukifika pale ilikubidi useme kila kitu mara mbili, mlango huu kisha mlango ule, na kila mmoja alitaka kujua kama umeanza kwake.

Kazi ya miaka yangu mingi siwezi kuimaliza hapa. Kulikuwa na bwana mmoja aliyemwagia ndengu zake dawa ya kuogeshea ng'ombe, eti kupe na fukusi ni ndugu. Kulikuwa na mama aliyekuja ofisini na jani moja lenye madoa, amelifunga kwenye leso safi, akaomba nilione faraghani. Kulikuwa na mafuriko yaliyotufanya tutoe ushauri wa kilimo tukiwa ndani ya mtumbwi, ingawa hakukuwa na cha kushauri. Mzee Okelo alistaafu akarudi kwao Bondo, nami nikarithi pikipiki yake pamoja na kelele zake zote.

Halafu zikaja zile mbegu za kung'aa. Walioziuza walikuja na gari lenye vipaza sauti. Zilikuwa kubwa, za kijani kibichi, na zilikomaa zote kwa pamoja. Sitazisema vibaya. Msimu wa kwanza zilizaa vizuri sana, na mtu mwenye watoto shuleni hawezi kulaumiwa kwa kupenda gunia lililojaa. Nyumba moja baada ya nyingine ziliacha kuweka mbegu zao. Ukame ulipokuja, zile za kung'aa zilinyauka zikiwa na maua, na zilizobaki zikaliwa na wadudu. Watu wakaanza kutafuta mbegu za zamani kwenye vyungu vyao, wakakuta walishazipika.

Zilibaki kwa Mama Ouma peke yake. Zilikuwa katika chungu kimoja, zimechanganywa na jivu, mdomo umezibwa kwa samadi ya ng'ombe. Misimu miwili mfululizo mvua haikufika, na yeye alikataa kuzipoteza kwenye vumbi. Nilimwomba kiganja kimoja nikazifunga katika kipande cha gunia lililoloweshwa, kama tunavyofanya sote. Chini ya nusu ndizo zilizoota. Nikamwambia ukweli. Mbegu zilikuwa zinazeeka, na fukusi walikuwa wameanza. Zisipopandwa msimu ule, chungu kile kingebaki na cha kupika tu, na ndengu za Kadundo zingekuwa jina la kudanganyia wateja sokoni. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Basi tutapanda," alisema. "Mashamba yote ya boma. Tukivuna, kila nyumba ya Kadundo itapata."

Mvua ya kwanza ilipoanguka, aliteleza kwenye matope akienda kufungua ng'ombe, akavunjika paja. Walimpeleka hospitali Kisumu.

Nilipofika Kadundo siku iliyofuata nilikuta boma limesimama. Udongo ulikuwa umelowa barabara, wa kupandwa siku hiyo au kesho yake, kabla haujashiba maji ukawa uji. Majembe yalikuwa yameegemezwa ukutani. Hakuna aliyekuwa ameligusa hata moja. Majirani walikuwa wamesimama ng'ambo ya ua, maana nao walikuwa wakingoja mbegu ileile. Ouma, mtoto wa kwanza, ambaye ni mwalimu Awasi, alikuwa akizunguka uwanjani na simu mkononi.

"Madam, waambie," alinisihi. "Mama anaweza kupigiwa simu, aseme ameruhusu, tumalize hii maneno. Hii mvua haitangoja mtu."

Mama Akinyi alikuwa ameketi mlangoni kwake. Alijibu bila kuinua macho. "Simu haina mkono. Itatoa mbegu na nini?"

Mke wa Ouma naye akasema hatapanda kabla ya wakwe zake, na kama mumewe anataka kupanda, jembe lile pale. Ouma hakuligusa.

Kuna watakaowaambia kwamba mila ni adui wa kilimo. Wakati mwingine ni kweli, na siku ile moyo wangu ulikuwa ukiniambia hivyohivyo. Nilikuwa na hasira, nilikuwa na hofu, na nilitamani kukivunja kile chungu na kupanda mwenyewe. Lakini mashamba hayakuwa yangu, na mtu aliyepandishwa mbegu kwa nguvu hatapalilia. Nikawasha pikipiki nikaenda Kisumu.

Mama Ouma alikuwa amelala chali, mguu umeinuliwa kwa kamba na vyuma, uso umepungua. Hakunisalimu.

"Mvua imefika?"

"Imefika, Mama."

"Nani amepanda?"

"Hakuna."

Aligeuzia uso ukutani. Nilidhani anasinzia, kumbe analia. "Mimi ndiyo nafunga watu mlango nikiwa nimefungwa hapa kama mbuzi," alisema. Nilimshika mkono. Tulikaa hivyo mpaka yeye mwenyewe alipojifuta macho kwa kona ya shuka, na alipoanza kusema tena sauti yake ilikuwa ile ya kuvusha mto. Mgonjwa wa kitanda cha pili alishtuka.

"Daktari amekataa nisiende kwa shamba. Sawa. Basi shamba ikuje. Waambie walete udongo kutoka kwa shamba yangu mimi. Walete chungu, mtu asifungue. Na jembe yangu."

"Nimwambie nani?"

Alinikazia macho. "Mwenye anafuata mimi ni nani?"

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikipanga maneno ya kumbembeleza Mama Akinyi. Kijijini walishaanza kunong'ona kwamba ugonjwa wa mwenzake haukumhuzunisha, kwamba mikayi akiondoka yeye ndiye atakayekuwa mkubwa wa boma. Nilianza hotuba yangu mlangoni kwake. Sikuifikisha mbali. Alikuwa ameshachukua karai, anatembea kuelekea shamba la Mama Ouma, akachimbua kipande kizuri cha udongo wa katikati, akakitia kwenye karai bila kukivunjavunja. Kisha akaingia katika nyumba ya mwenzake, ambamo hakuwa amekanyaga kwa miaka, akatoka na chungu amekikumbatia.

Muuza nyanya mmoja wa Sondu alitupakia kwenye pikapu yake. Langoni mwa hospitali askari alitusimamisha.

"Jembe ni ya nini?"

"Ni ya mgonjwa," nikasema.

"Anaugua nini?"

"Mguu."

"Mguu imevunjika na anataka kulima?"

Mama Akinyi akamsogelea, karai kichwani, chungu kifuani. "Wee kijana, ni mikayi wa kwetu. Hajatoa mbegu na mvua iko."

Askari alitutazama, akatazama mawingu, akavua kofia. "Sasa mbona hamkusema hivyo?" Akachukua jembe akatutangulia nalo mpaka wodini.

Sista wa zamu hakuwa mwepesi hivyo, na hakuwa na kosa. Alisema udongo hauingii mahali penye watu wenye vidonda, hata ukiwa wa mikayi wa nani. Tulisihi, akakataa. Mama Ouma akamwita kwa upole ambao sikujua kama anao, akamuuliza kama nje ya mlango pia ni wodi. Sista akafikiri. Mwishowe wafagiaji wawili walisukuma kitanda, pamoja na vyuma na kamba na mguu wenyewe, mpaka barazani ambako jamaa za wagonjwa huanika nguo.

Hapo ndipo wake wenza wale walipokuwa uso kwa uso. Mama Ouma alilitazama lile karai.

"Nyieka," akasema. Ndivyo wanavyoitana wake wenza. "Huo udongo ni wangu ama ni wako?"

"Ni wako. Wangu ungekukataa."

Mama Ouma akaanza kucheka, akashika paja kwa maumivu, akaendelea kucheka. Mama Akinyi aliliweka karai mapajani mwa mwenzake, upande wa mguu mzima, akalishikilia lisielemee. Chungu kilifunguliwa na mkono wa mwenyewe. Harufu ya jivu ikatoka. Mama Ouma alizichambua punje taratibu, akizitupa zilizotobolewa na fukusi. Mpini wa jembe ulikuwa mrefu, kwa hiyo alilishika karibu na chuma, akatifua udongo, akatia mbegu, akafukia kwa kiganja na kupapasa kama mtu anayemlaza mtoto. Niliona midomo yake ikisogea. Sikuuliza alikuwa akisema nini.

"Sasa enda," alimwambia mwenzake. "Anza na shamba langu."

"Najua."

"Halafu lako. Halafu ya mke wa Ouma."

"Wewe lala. Hii zamu naijua, nimekaa nyuma yako maisha yangu yote."

Tulirudi na jua lingali juu. Mama Akinyi aliuteremsha ule udongo katika shimo alikoutoa, mbegu zikiwa ndani, na wanawake waliosimama ukingoni mwa shamba wakapiga vigelegele. Kisha majembe yakaondoka ukutani. Hata Ouma alipanda, mistari yake imepinda vibaya kwa mwalimu. Mimi sikuwa na zamu katika boma lile, kwa hiyo nilishika kamba. Tulipanda siku hiyo na kesho yake, na ziada iliyobaki ikavuka ua kwenda kwa jirani. Mvua kubwa ikashuka baada ya hapo.

Zilichipua kidogo kuliko nilivyoomba. Kulikuwa na mapengo ya kutia aibu, na asubuhi nyingine nilipita kwa pikipiki bila kusimama ili nisiyaone. Lakini zilizochipua hazikufa. Wanawake wa kijiji kizima walizipalilia kama za kwao, maana zilikuwa za kwao. Mama Ouma alirudi kwa magongo, maganda ya ndengu yakianza kukauka. Aliwekewa kigoda katikati ya shamba, akachuma la kwanza, akampa Mama Akinyi. Mavuno hayo hayakwenda sokoni hata punje. Kila nyumba ilipewa bakuli la mbegu, na waliolalamika kwamba ni dogo waliambiwa warudishe. Hakuna aliyerudisha.

Aliishi misimu kadhaa zaidi, akitembea upande mmoja na kuamrisha pande zote. Amezikwa kando ya nyumba yake. Sasa mkubwa wa boma ni Mama Akinyi, lakini kila wakati wa kupanda hulichukua karai lilelile, hulijaza udongo wa shamba la mwenzake na kutia mbegu humo mbele ya kaburi, ndipo aende shambani kwake. Nilimuuliza kwa nini, na hali zamu ya kwanza sasa ni yake.

"Mtu alipanda na mguu yake imefungwa juu," alinijibu. "Huyo unamruka aje?"

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, nawashukuru. Mama Akinyi alinipa ndengu zilizofungwa kwenye kitambaa. Alinivuta kando. "Hii imetoka kwa chungu ya nyieka. Enda upande kwenu. Lakini wewe sasa ni wa boma yetu, kwa hivyo utangoja zamu."

Niko Bunyore. Mvua huku ilitangulia, imenyesha tangu juzi, na jirani zangu wameshapanda. Wananichungulia juu ya ua: afisa wa kilimo mzima, aliyezunguka na pikipiki miaka yote akihimiza watu wapande na mvua ya kwanza, ameketi barazani na jembe kando, anaandika. Jirani mmoja ameniuliza kama ni ugonjwa. Nimemwambia nangoja simu. Nimezifunga punje chache kwenye gunia lililoloweshwa na karibu zote zimeota. Sijui kama zitaupenda udongo huu wenye mawe. Nitajua nikishapanda.

Simu imelia. Kuna upepo na vicheko upande ule, na Mama Akinyi anapiga kelele kana kwamba hakuna mtambo kati yetu, akiniita binti wa Bunyore kwa lugha yao.

"Nyar Bunyore! Nyieka ametoa! Mimi nimetoa! Mke wa Ouma ametoa! Sasa ni wewe."